Aliyekula Ndiye Anayecheza

Mwezi uliopita tulimzika Melita kule Olasiti, na baada ya mazishi nikajikuta nimekaa benchi moja na Simoni, ambaye siku hizi haoni vizuri na huwatambua watu kwa sauti. Wajukuu wa marehemu walituzunguka, wanataka kusikia habari za babu yao alipokuwa mlinda mlango wa timu ya shule ya misheni, mwaka mmoja kabla ya vita vya Wajerumani na Waingereza. Simoni hakuwanyima. Aliwaeleza jinsi Melita alivyokuwa akiudaka mpira kwa mikono miwili na kuukumbatia kifuani kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga, na jinsi sote tulivyocheza miguu mitupu kwenye uwanja wenye mawe. Kisha akafika kwa Mwalimu Lazaro, aliyetufundisha mpira, akasema, "Yule mzee alikuwa mkatili. Muulizeni huyu hapa, alimnyima mechi kubwa kuliko zote kwa sababu ya chakula." Vijana wakanigeukia. Nikasema Mwalimu hakuwa mkatili hata kidogo, na Simoni akacheka, akasema mimi siwezi kuwa shahidi kwa kuwa nilioa kwake. Ni kweli nilioa kwake, na binti yake ndiye aliyenifunga vifungo vya koti asubuhi ile ya mazishi. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nilipofika nyumbani nikaona heri niandike mwenyewe, maana Simoni ana tabia ya kuchanganya mambo, na mabao mengine anayodai alifunga yeye nilifunga mimi.

Shule yetu ilikuwa kwenye mteremko wa Mlima Meru, mahali ambapo malisho yanaishia na migomba inaanza. Nilikuwa na miaka kumi na minane au kumi na tisa, hakuna aliyeandika. Uwanja tuliukata wenyewe kwa majembe na mapanga, nao uliinama vibaya. Timu iliyoshambulia kuelekea bondeni ilifunga, na iliyoshambulia kuelekea mlimani ilitoka jasho bure. Mpira wa ngozi ulikuwa mmoja tu. Mchungaji wetu Mjerumani alikuja nao kutoka kwao, ukiwa na kibofu ndani na kamba ya kufungia juu, na Mwalimu Lazaro aliutunza kwenye sanduku la vitabu vya nyimbo. Siku za kawaida tulichezea mpira wa majani makavu ya mgomba, uliokazwa kwa kamba na kushonewa ngozi ya kondoo, ambao ukinyeshewa ulikuwa mzito kama kiazi kikuu. Ule wa ngozi ulitolewa Jumamosi, na tulipousikia ukidunda kwa mara ya kwanza wiki hiyo, hata wale waliokuwa wamenuniana walitazamana wakacheka.

Mwalimu alikuwa mtu wa huku huku kwetu, lakini ujana wake aliumalizia Tanga na kwenye kambi za reli. Huko alijifunza kusoma, na huko aliwaona watu wa bandarini wakicheza mpira, naye akacheza. Alirudi na vitu vitatu: filimbi, tabia ya kunyoosha kidole kimoja juu anapofikiri, na sinia la shaba ambalo mkewe alilisugua kwa majivu mpaka ukaweza kujiona meno. Alikuwa mwembamba, na sauti yake ilikuwa ndogo. Ukikosea hakukufokea, alikuita, na ulilazimika kumsogelea sana ili usikie unavyoambiwa. Mimi naamini alifanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu mtu akikusemea chini karibu na sikio, huna pa kukimbilia. Simoni anasema koo lake lilikuwa bovu.

Sheria zake hazikuwa nyingi. Aliyechelewa hachezi. Uwanjani hakuna kelele, utamwita mwenzako kwa jina lake na basi. Hii ilitusumbua, kwa sababu kati yetu walikuwamo wa rika la juu na la chini, na kwetu mdogo hamtaji mkubwa hivi hivi kama anaita mbuzi. Melita alikuwa rika la juu yangu, na mwezi mzima nilikuwa nikimrudishia mpira kimya kimya bila kumwita, mpaka siku moja nilimgonga nao kisogoni akiwa ameinama anatoa mwiba. Tangu siku hiyo alinisihi mwenyewe nimtaje. Sheria ya mwisho ndiyo iliyoleta mambo yote: asiyekula na wenzake hachezi na wenzake. Kila Jumamosi baada ya mazoezi ya asubuhi, na siku ya mechi kabla ya kucheza, sote tulikula pamoja naye kwenye sinia, mikono kumi na mitatu, na sinia likiisha linajazwa tena. Mwalimu alituambia kwamba kule kwenye reli kila kabila lilipika chungu chake, na kila siku palikuwa na ugomvi na vyuma viliangukia watu miguuni; msimamizi mmoja akachanganya vyungu, na baada ya mwezi watu waliinua chuma pamoja bila hata kuhesabu. "Ukishajua ndugu yako anapenda upande gani wa sinia," alisema, "utajua na uwanjani anakimbilia wapi." Tulidhani ni maneno ya mzee tu. Lakini Simoni alikuwa mtu wa kuchota katikati, na uwanjani alikuwa hivyo hivyo, anaingia katikati ya watu kama hakuna watu.

Na sheria zilimkamata hata yeye. Asubuhi moja tulifika uwanjani tukamkosa. Ng'ombe wake alikuwa anazaa vibaya, na alipotokea mikono yake bado ilikuwa na damu, kivuli cha mlingoti wa goli kilikuwa kimeshalipita jiwe tulilolitumia kama saa. Alilitazama jiwe, akavua filimbi shingoni, akampa Melita aliyekuwa nahodha wetu, kisha akaenda kukaa kwenye nyasi nje ya mstari mpaka mazoezi yakaisha. Sisi tulicheza vibaya sana siku hiyo, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akimtazama yeye kwa pembeni.

Chumba cha kulia cha Mwalimu nakiona mpaka leo nikifumba macho. Kilikuwa na pembe nne, jambo ambalo kwetu lilikuwa geni, na dirisha moja dogo lililoangalia jikoni. Ukutani palikuwa na picha ya Mwokozi na kalenda ya zamani. Tulikaa chini kwenye ngozi, na Mama Nasieku, mke wa Mwalimu, alileta loshoro, mahindi na ndizi zilizopondwa kwa maziwa ya mgando, ya moto kiasi kwamba wenye haraka waliumia. Nilikuwa nakaa karibu na dirisha. Ndiyo sababu nilisikia, Jumamosi moja, sauti ya msichana jikoni ikimwambia mama yake, "Yule wa dirishani anakula kama anaiba." Mama yake akauliza yupi, naye akasema, "Loseriani, yule wa mguu wa kushoto." Loseriani ni mimi. Sijui kwa nini maneno yale, ambayo hayakuwa ya sifa, yalinifurahisha namna ile. Labda ni kwa sababu alijua mguu. Jumamosi iliyofuata nilikula polepole, kwa adabu, na kutoka jikoni nikasikia msichana yule, Nasieku, akicheka. Yaliyofuata kati yangu na yeye ni yetu. Nitasema tu kwamba kabla ya mvua za masika kuisha nilimwendea baba mdogo, aliyenilea, nikamwomba anipelekee posa.

Asali ilipelekwa, maneno yakasemwa, posa ikakubaliwa. Nilikuwa na furaha ya kijinga, ya kuimba peke yangu njiani. Jumamosi nilicheza vizuri kuliko siku zote, nikaoga mtoni, nikaenda na wenzangu nyumbani kwa Mwalimu, na pale mlangoni, nilipomwona amekaa mbele ya sinia, miguu yangu ikakataa. Kwetu, kijana aliyekubaliwa posa hamtazami baba mkwe usoni wala hali mbele yake. Wakikutana njiani, kijana huingia majanini mpaka mzee apite. Haya yote niliyajua tangu utotoni, na utaniuliza niliwaza nini nilipoposa. Nakujibu kwamba nilimwaza Nasieku. Haikunijia hata mara moja kwamba Mwalimu Lazaro na baba yake Nasieku ni mtu mmoja. Niligeuka nikakaa nje, nyuma ya jiko, nimetazama migomba.

Baada ya chakula Mwalimu alitoka kutangaza timu ya mazoezi ya jioni. Alisimama amenipa mgongo, kama desturi ilivyotaka, akasema kwa ile sauti yake ndogo, "Aliyekula ndiye anayecheza." Akataja majina kumi na moja, na la kwangu halikuwemo, mahali pangu aliingizwa kijana wa akiba, mdogo wake Melita. Wenzangu walidhani ni mzaha. Wiki ya pili Simoni aliniletea loshoro kwenye jani la mgomba, nikaila yote huko huko nyuma ya jiko, kisha akaenda kutangaza, "Mwalimu, Loseriani amekula." Mwalimu akamwuliza, "Amekula na sisi?" Simoni akajikuna kichwa. Wiki ya tatu walijaribu kutundika blanketi katikati ya chumba, mimi niwe upande huu na Mwalimu upande ule, sinia lipite chini yake. Mama Nasieku alilitazama lile blanketi, akacheka mpaka akakaa chini, na lilipoanguka ndani ya chakula mambo yakaishia hapo.

Mchezo na timu ya mjini ulikuwa umebakiza wiki chache. Makarani na askari wa Boma walikuwa na timu yao, walivaa fulana zinazofanana, na walitutangazia kwamba watatufunga mpaka tusahau njia ya kurudi mlimani. Nilitaka kucheza mechi ile kuliko nilivyotaka kitu kingine chochote, isipokuwa kimoja. Nikamwendea baba mdogo, nikamwomba kondoo wa heshima apelekwe mapema, kwa kuwa kondoo huyo akishapelekwa na kuliwa, kijana na mkwewe wanaruhusiwa kula pamoja. Baba mdogo alikuwa ananoa panga, na hakuacha kunoa. "Kondoo huenda na pombe ya wazee," alisema, "na pombe hutoka kwenye ulezi, na ulezi uko shambani bado wa kijani. Au unataka niuvute uote haraka?" Nikasema labda turudishe posa kwanza, tupose tena baada ya mechi. Hapo akaacha kunoa. Akaniuliza kama huo mpira utanizalia watoto. Niliona aibu, na naiona hata sasa ninapoandika, kwa sababu kwa muda wa pumzi moja nilikuwa nimelisema jambo lile kwa dhati.

Jumamosi ya mwisho kabla ya mechi nilikuwa mahali pangu nyuma ya jiko. Wenzangu walikwisha ondoka. Mwalimu aliingia jikoni, jambo ambalo wanaume wa kwetu hawalifanyi, na kwa kuwa ukuta ulikuwa wa fito na matope nilisikia kila neno. Mama Nasieku alimwambia, "Baba Nasieku, si utoke tu wewe, wale watoto wale peke yao?" Akamjibu, "Nikisema tule wote, halafu nikatoka, wiki ijayo atatoka mwingine kwa sababu yake." "Basi mwache kijana ale mbele yako. Wewe ni Mkristo." "Ubatizo haukuniondolea aibu. Nimvunjie binti yangu heshima kwa sababu ya mpira? Kesho watu watasema alichukuliwa na mtu asiyemstahi baba yake." Nikasikia kijiti kikivunjwa na kutiwa motoni. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Na ule mguu wa kushoto, mama. Hata Tanga sikuuona kama ule." Nilishika magoti yangu. Mwaka mzima hakuwahi kunisifu, na hakuwahi kunisifu tena baadaye, na sikuhitaji. Nikiwa bado katika furaha hiyo nilimsikia Mama Nasieku akisema, kama mtu anayeulizia chumvi, "Wewe unasema yeye hakula na wewe. Na wewe je, umekula na yeye?" Nilisubiri jibu la Mwalimu. Nikamsikia akitoka.

Siku ya mechi tuliteremka mjini asubuhi, wanawake wakiwa wamebeba vyungu, na sinia likiwa kichwani kwa Simoni likimulika njia nzima. Tulifika mapema, tukakaa kando ya mto Themi ili wenzangu wale. Mimi nilikwenda juu kidogo ya mto, nikakaa kwenye jiwe nimewapa mgongo. Nilisikia maji ya kunawa yakimwagwa, nikasikia watu wakila bila maneno, kama watu wanaokula kwenye msiba. Kisha nikasikia sauti ya Mwalimu, na kwa mara ya kwanza ilikuwa kubwa kiasi cha kunifikia pale nilipokuwa. Nadhani alitaka inifikie. "Sheria ni kwamba asiyekula na wenzake hachezi," alisema. "Loseriani hajala na mimi. Lakini na mimi sijala na Loseriani. Kosa letu ni moja, na nimempa adhabu yeye peke yake wiki zote hizi. Melita, chukua filimbi. Leo mimi pia simo." Melita akasema, "Mwalimu, sisi tutafanyaje bila wewe?" Akamjibu, "Mtafanya kama mlivyokula." Sikugeuka, lakini macho yangu yaliona ukungu na mto ukawa haueleweki.

Kwa hiyo nikaitazama mechi kubwa ya maisha yangu nikiwa nyuma ya watu, karibu na lango la timu ya mjini, kwa sababu Mwalimu alikwenda kusimama nyuma ya lango letu, na heshima ilitaka tuwe mbali. Kati yetu palikuwa na uwanja mzima. Mwamuzi alikuwa Mzungu mmoja mwenye duka. Watu wa Boma walianza kwa kishindo. Ombasha wao, askari mwenye cheo aliyekuwa ndiye mkubwa wao, alipiga kelele pembeni kama yuko kwenye gwaride, huyu nenda, yule rudi, na kila alipopiga kelele wachezaji wake waligeuza shingo kumtazama. Wakatufunga bao moja, mpira ulipita kati ya magoti ya Melita. Nilingoja watu wetu wavurugike. Hawakuvurugika. Walikuwa kimya, isipokuwa majina, Simoni, Melita, Simoni, majina matupu ya watu wa rika zote, na mpira ulikuwa ukienda mahali ambapo mtu hajafika bado lakini atafika. Nililiona sinia. Nasema kweli, niliona mikono ile yote ikichota bila kugongana. Simoni akaingia katikati, wakamzunguka watatu, naye bila kuinua macho akausukuma mpira upande wa kushoto, kwenye nafasi iliyokuwa tupu. Ilikuwa nafasi yangu. Mdogo wake Melita alifika pale akakuta mpira unamngoja, akafunga.

Niliona wivu, na sitauficha. Mguu wangu wa kushoto ulirukaruka wenyewe. Kisha nikatazama ng'ambo ya uwanja, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, na nikamwona Mwalimu Lazaro, yule aliyetufundisha kutulia, anapiga mateke hewani peke yake nyuma ya lango, kofia imeanguka chini, kanzu ameishika kwa mkono mmoja. Niligeuza macho haraka kama desturi inavyotaka. Lakini nilikuwa nimekwisha mwona, na wivu wangu wote uliyeyuka, nikaanza kucheka. Bao la pili lilifungwa karibu na mwisho, na sauti ya ombasha ilikuwa imekwisha kabisa, anaonyesha kwa mikono tu. Tukashinda mawili kwa moja. Simoni husema tulishinda matatu kwa moja.

Ulezi ulikomaa baada ya miezi miwili. Nilikwenda kwa Mwalimu na baba mdogo na wazee wengine, nikimvuta kondoo dume mweupe asiye na doa, ambaye njia nzima alitaka kurudi. Alichinjwa uani, nyama ikachomwa, na kipande cha mafuta cha mkia kikawekwa kwenye sinia katikati yetu wawili, mimi na Mwalimu, tukiwa tumekaa ana kwa ana na bado nimeinamisha kichwa. Nasieku alikuwa mlangoni kwa mama yake. Mwalimu alikata kile kipande, akala nusu, na nusu akanitilia mkononi, nami nikala. Kwetu, watu waliopeana kondoo hawaitani tena kwa majina yao. Huitana Paker, kwa ajili ya huyo kondoo, maisha yao yote. Akaniita hivyo, na kwa kuwa nilikuwa nimeitwa, niliinua uso nikamtazama. Alikuwa amezeeka kidogo tangu nilipomtazama mara ya mwisho, na mafuta yalikuwa yaking'aa kidevuni.

"Paker," alisema kwa ile sauti yake ndogo, ikabidi nisogee, "umekula?"

"Nimekula, Paker."

"Na mimi nimekula," alisema. "Basi Jumamosi tunacheza."